Jiwe Lenye Kamba Nyeusi

Jumatatu, 10 Novemba. Mvua.

Balaa! Mwenyekiti Asakura ametuita waongozaji wa mtaa wa samurai, mimi na Bi Kinue. Wakazi wamechoka, kasema. Kila Jumapili vikundi viwili vya wageni vinabanana kwenye uchochoro ambao hata miavuli miwili haipishani. Atabaki mwongozaji mmoja. Jumamosi ni mtihani: mimi nimtembeze yeye, Bi Kinue amtembeze katibu, kila mtu kwa njia yake kutoka darajani, na saa tano kamili tuwe kwa Bibi Sumi.

Bibi Sumi ana miaka themanini na minane. Nyumba yake ndiyo pekee mtaani inayowafungulia wageni lango, na chai yake haimsubiri mtu.

Tulipotoka, Bi Kinue akaniambia nisihofu, nikipumzishwa nitapata wasaa wa kupiga viatu vyangu rangi. Mwalimu wa muziki mstaafu yule! Hajui ukuta upi wa udongo ni wa zamani na upi umejengwa juzi. Anawaimbisha wageni tu. Na wageni wanampenda!

Mimi nimeongoza miaka tisa. Tangu Fusae wangu afariki, Jumapili ndiyo siku pekee watu wananisikiliza. Nikinyang'anywa Jumapili nabaki na nini? Televisheni.

Jumanne, 11 Novemba. Mvua bado.

Nimepata! Kwenye bustani za nyumba ambako wageni hukaribishwa chai, mwenye nyumba asipotaka upite njia fulani, huweka hapo jiwe la ukubwa wa ngumi lililofungwa kamba nyeusi kwa msalaba. Basi. Hakuna kibao, hakuna neno. Na hapa Kanazawa hakuna mtu atakayelivuka, wala kuligusa, isipokuwa aliyeliweka. Kila Jumapili nawaeleza wageni habari hiyo.

Bi Kinue hupita uchochoro wa mfereji, njia ya mkato kwenda kwa Bibi Sumi. Akikuta jiwe mdomoni mwa uchochoro, itabidi azunguke hadi upande wa juu, kwenye ngazi. Dakika ishirini nzima! Mimi nitapita ngazi tangu mwanzo, taratibu, kama muungwana.

Nimenunua kamba. Nimeiloweka. Nimefunga na kufungua mara nne. Fundo limetoka zuri jamani! Inaniuma kwamba siwezi kumwonyesha mtu.

Jumatano, 12 Novemba. Mvua, kisha radi.

Jaribio. Saa mbili asubuhi nimeweka jiwe, nikajificha nyuma ya mashine ya vinywaji. Tarishi akashuka baiskelini, akalitazama, akageuza. Wanafunzi watatu wakanyamaza ghafla, wakageuza. Paka akapita. Paka hana malezi.

Nikarudi nyumbani nacheka peke yangu. Nikapika tambi. Saa saba radi ikapiga, nami ndipo nikakumbuka. Jiwe!

Nilikimbia bila mwavuli, mimi ambaye huwakumbusha wageni usemi wa hapa kwetu, sahau chakula usisahau mwavuli. Kwenye kibanda cha basi nikamkuta Bibi Sumi, vitunguu vya majani mapajani, anatetemeka. Alikuwa hapo tangu saa nne. Lango lake liko ndani ya uchochoro uleule, na ngazi za upande wa juu magoti yake hayaziwezi. Akanieleza kwa upole kwamba bila shaka kuna mtu amefunga njia kwa ajili ya wageni wake, na yeye hakutaka kumharibia mwenzake chai.

Moyo uliniuma. Nilitaka kukiri, nikashindwa. Nikamwambia ngoja nikaangalie, nikatangulia, nikatia jiwe mfukoni, nikarudi kutangaza kwamba njia iko wazi. Akanishukuru mara mbili. Akanipa makaki matatu, yale matunda ya rangi ya chungwa, kutoka kwenye mti wake, akasema watu kama mimi siku hizi hawapo.

Nimekula mawili. La tatu limenishinda.

Ijumaa, 14 Novemba. Mawingu.

Asubuhi nilisimama kando ya mfereji na jiwe mkononi. Nilitupe? Nikakaribia kabisa kulitupa. Mara akatokea Bi Kinue, viatu vipya miguuni. Kanunua maalumu kwa ajili ya Jumapili, kasema. Jumapili zote.

Jiwe nimerudi nalo.

Jumamosi, 15 Novemba. Mvua ya mwaka.

Nitaandika yote.

Saa nne na nusu jiwe tayari lilikuwa mdomoni mwa uchochoro. Nikamchukua Mwenyekiti darajani. Nilizungumza vizuri mno. Tulipokaribia ngazi akasimama, akatazama maji yanavyoteremka, akasema hapa tutavunjika shingo, tupite mfereji.

Nikamwambia ngazi zina historia ndefu. Akasema shingo yake pia.

Saa tano kasoro kumi tukafika kwenye jiwe langu. Mwenyekiti akainama kidogo, kwa heshima, akasema basi, hapapitiki. Kuliondoa siwezi, nitajulikana. Kulivuka siwezi, ni aibu. Nikasema turudi upesi. Mwenyekiti akachutama. Akalichungulia jiwe kwa miwani, akatikisa kichwa. Kazi ya mtu asiyejua, akasema. Fundo limelegea.

Limelegea!

Mdomo uliponza kichwa. Nikajisikia nikimwambia kwamba fundo hilo halijalegea hata chembe, kamba imelowekwa usiku kucha, na kufungwa mara nne.

Mwenyekiti akanyanyuka polepole. "Aha," akasema. Basi. Afadhali angenizaba kofi.

Akaniamuru niliokote. Tukaingia kwa Bibi Sumi saa tano na dakika mbili, tumeloa. Bi Kinue alishakaa, kikombe mkononi. Alipanda zile ngazi mbio na katibu, wakiimba! Bibi Sumi akalitazama jiwe mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi. Akauliza kwa sauti ndogo kama Jumatano pia ilikuwa mimi. Nikainamisha kichwa. Akanyoosha mkono, nikampa jiwe. Akasema nije kesho saa nne.

Jumapili zote zimekwenda kwa Bi Kinue.

Jumapili, 16 Novemba. Manyunyu.

Saa nne kamili nilikuwa langoni na boksi la keki za maharage matamu, maneno ya kuomba radhi nimeyakariri. Lango lilikuwa wazi. Ndani, mawe ya kukanyagia yanagawanyika njia mbili. Juu ya ile ya kushoto, niliyoipita miaka tisa, jiwe langu. Limefungwa upya, vizuri kuliko nilivyolifunga mimi.

Nimepigwa marufuku. Nikainama, nikaacha keki langoni, nikaondoka bila kubisha hodi. Nililia kidogo nyuma ya mashine ya vinywaji. Mwavuli nimeusahau kulekule.

Jumatatu, 17 Novemba. Jua!

Bi Kinue kapiga simu, anafoka. Ananiuliza nina kiburi gani. Jana Bibi Sumi alikuwa amemwomba Mwenyekiti niachiwe Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, Mwenyekiti akakubali, Bi Kinue mwenyewe akakubali, wote wakaningoja na chai mpaka saa sita. Sikutokea. Mwenyekiti kaelewa kwamba nimekataa.

Nikamwambia kuhusu jiwe. Akanitaka nirudie. Kisha: "Bwana Genzo, miaka tisa unawaeleza wageni! Jiwe linafunga njia moja ili likuonyeshe nyingine. Kushoto kulikuwa na utelezi. Kulia mlango ulikuwa wazi, tumekuwashia na taa!"

Kasema niende sasa hivi kwa Bibi Sumi nikaeleze, bado hakijaharibika kitu. Ni mwendo wa dakika kumi.

Nimevaa viatu. Nimefika mlangoni. Halafu nikawaza. Jiwe moja, dogo hivyo, limenigeuza mimi! Mimi ninayejua kila kitu! Sasa mawe matatu, makubwa, pale darajani, Bi Kinue akija na wageni wake Jumapili asubuhi?

Nimepitia dukani kwanza. Mita kumi za kamba. Kwa Bibi Sumi nitakwenda nikishaziloweka.