Mtungi Uliong'aa

Wapo watu wanaoona riziki kwenye matangazo ya magazetini, na wapo wanaoiona ndotoni. Wakili aliiona kwenye mbweu.

Mbweu yenyewe ilikuwa ya Bwana Ghorofa, mwenye jengo pekee la ghorofa katika mtaa ule, mtu mwenye tumbo lililomsumbua kila alipokula, na kula alikula. Asubuhi hiyo alisimamisha gari mbele ya nyumba ya shangazi yake Wakili, akaomba kikombe cha kile kinywaji cha mizizi alichosikia kikisifiwa. Akanywa, akaomba cha pili, akatulia. Kisha akacheua. Ilikuwa mbweu ndefu, ya mtu aliyetua mzigo wa miaka. Macho yakamlenga machozi, akasema, "Jamani!" basi, hakuongeza neno.

Wakili, aliyekuwa amekaa kizingitini akichokonoa meno ingawa hakuwa amekula kitu, akaacha kuchokonoa.

Hakuwa wakili wa kusomea. Watu walimwita hivyo kwa sababu aliufahamu ukumbi wa mahakama kuliko mawakili wengi, japo aliufahamu kutokea kizimbani. Aliwahi kumuuzia mtu saa isiyo na mashine ndani, akamwapia kwamba haitaharibika kamwe, na kweli haikuharibika. Lakini kwa kipaji chote hicho alilala stoo kwa shangazi yake, katikati ya mitungi ya kinywaji iliyofunikwa vitambaa, ikichacha na kutokota, bwu, bwu, kana kwamba inamsengenya. Mashati yake yalinuka uchachu. Mchumba wa mwisho kumtembelea alisimama mlangoni, akanusa, akauliza kama ndani kuna mgonjwa.

Wakili hakutaka utajiri. Alitaka chumba chenye ufunguo wake mwenyewe. Na chumba alishakichagua: kile cha mbele, juu kwa Bwana Ghorofa, chenye dirisha linalotazama barabara. Hata mahali pa kuweka kitanda alishapaona, akiwa amesimama chini.

Basi kesho yake akapiga pasi shati, akaenda kumwona Bwana Ghorofa kwenye duka lake la soda na maji ya chupa, chini ya jengo lile lile.

"Mzee," alianza, "nimeona ulivyokunywa jana. Mtu wa hadhi yako kupanga foleni uani kwetu na wapiga debe! Kile kinywaji kilipaswa kuwa kwenye chupa, na chupa ziwe na jina lako."

Bwana Ghorofa alivikwa kilemba cha ukoka, akainamisha kichwa kikae vizuri. "Mizizi yenyewe inatoka wapi?"

"Mizizi si kitu. Mtulizatumbo ni mmea wa porini tu, unaota wenyewe kule kwenye machimbo ya kokoto, hata mbuzi wanaujua." Wakili akashusha sauti. "Siri ni mtungi, mzee. Mtungi wa kwanza, wa bibi yake bibi. Ukitia mizizi humo, kinachacha. Ukitia kwenye mtungi mwingine wowote utapata maji ya kuoshea miguu."

Ni vizuri ieleweke kwamba hapa Wakili alikuwa anaongopa. Kinywaji kile alikijua kwa upande wa kunywa tu. Tangu ahamie stoo hakuwahi kuchimba mzizi, kuchuja, wala kusuuza kikombe.

"Na shangazi yako?"

"Macho hayamsaidii siku hizi. Nitamwachia mwingine unaofanana."

Mtu mwema angekasirika hapo. Bwana Ghorofa alicheka mpaka soda zikatikisika kwenye kreti. "Na wewe unataka nini?"

"Chumba cha mbele. Bure, maadamu mtungi uko kwako."

"Ulete jikoni kwangu, kichachie mbele ya macho yangu. Nikicheua, chukua ufunguo."

Sasa, kumwibia shangazi mtungi Wakili hakuweza. Alimpenda shangazi yake, na zaidi ya hapo aliuogopa mwiko wake wa kukorogea. Akanunua mtungi mpya kwa mfinyanzi, akaupaka masizi na mafuta, akaumegua ukingo kwa nyundo. Ulipofika jikoni kwa Bwana Ghorofa ulionekana kuukuu kuliko jengo lenyewe.

Mpishi wa nyumba ile, mwanamke mwenye usafi wa kutisha, alipouona alishika waya wa kusugulia masufuria.

"Usiuguse!" Bwana Ghorofa akafoka. "Mpaka nicheue."

Wakili akatia mizizi iliyotwangwa, sukari guru na maji ya vuguvugu, akafunika kitambaa. Alikuwa amemwona shangazi akifanya hivyo mara nyingi, huku yeye mwenyewe amelala chali. Siku ya kuonja, wote watatu wakauzunguka mtungi. Hapakuwa na povu. Wakili akaweka sikio: kimya. Bwana Ghorofa akanywa kikombe kizima kwa moyo wa imani, akaketi, akasubiri. Wakili alilitazama lile tumbo kwa makini kuliko mama anavyomtazama mtoto anayejifunza kutembea.

Tumbo likaruka kidogo.

"Tayari!" Wakili akapaza sauti.

"Hiyo ni kwikwi," akasema mpishi.

Bwana Ghorofa akainuka. "Umeniletea mtungi usio wenyewe."

"Mzee, stoo ina kiza, nimechanganya..."

"Niletee wenyewe. La sivyo, shangazi yako atapata habari zako, na mtaa mzima pia."

Wakili alizunguka mitaani mpaka jioni, ndipo akarudi nyumbani na mtungi wake begani. Akamkuta shangazi uani, anachuja kinywaji kwa kitambaa, akiyakamua machicha ya mizizi mpaka tone la mwisho.

"Shangazi," akauliza kama mtu aliyepitiwa na wazo tu, "hivi mtu akitia mizizi kwenye mtungi mpya, mbona hakichachi?"

"Kwa sababu ni mpya." Shangazi hakuinua macho. "Chachu inaishi kwenye kuta za mtungi, baba. Ndiyo maana hii yangu haioshwi. Ukiosha, umeua. Ukitaka mpya uchachishe, unaupaka machicha ya ule wa zamani. Jambo la dakika moja."

Wakili akakaa chini. Maisha yake yote alikuwa ameuza uongo, na siku moja tu kinywa chake kilipotoa ukweli, yeye mwenyewe hakuuamini. Kweli siri ilikuwa mtungi! Alijisikia ameibiwa, na mwizi hakumwona.

"Na kwikwi ya Bwana Ghorofa imepoa?" shangazi akauliza.

"Kwikwi gani?"

"Mpishi wake hunywa hapa kila akitoka sokoni, na tajiri wake hamfichi kitu. Leo amecheka mpaka amesahau nyanya zake." Akanyoosha mkono. "Lete huo mtungi wako wa masizi. Eti macho hayanisaidii!"

Wakili alitaka kupiga magoti. Shangazi aliupaka mtungi machicha ndani, akatia mizizi, akaacha. Siku chache tu, nao ukaanza kuzungumza: bwu, bwu. Wakili aliona ni sauti tamu kuliko zote alizowahi kusikia.

"Shangazi, nikipata kile chumba, sitakusahau."

"Nenda kesho jioni, baba. Usimwage."

Jikoni, Bwana Ghorofa alikunywa. Hakukawia. Mbweu ilitoka kwa kishindo, mpishi akapiga makofi, na Wakili akakinga kiganja chake kupokea ufunguo.

"Ufunguo gani?" Bwana Ghorofa akapangusa midomo. "Shangazi yako alikuja asubuhi. Anajua yote tuliyopanga. Kasema mtungi ni wake, na kama nautaka, chumba nimpe yeye, ama si hivyo asimame sokoni aeleze jinsi mwenye ghorofa alivyotaka kumwibia ajuza. Ningefanyaje?"

Wakili alipanda ngazi kwa pupa. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa juu ya kigoda, anatundika pazia, na kitanda chake kimekaa pale pale alipopachagua Wakili.

"Shangazi! Damu yako mwenyewe!"

"Ndiyo nashangaa. Baba yako, kaka yangu, hakuweza hata kudanganya umri wake. Ulimi huo ulidhani umeurithi kwa nani?" Akashuka. "Stoo nakuachia. Uamke mapema, mizizi imekwisha."

Ikawa hivyo. Wakili alichimba, akatwanga, akachuja, mikono ikamchubuka, na moyoni alikuwa anatokota kuliko mitungi. Akasubiri siku yake.

Siku yake ilikuja upesi. Asubuhi moja, shangazi akiwa amekuja kukagua kazi, Bwana Ghorofa aliingia uani akitweta, na nyuma yake mpishi amebeba mtungi. Masizi yote yalikuwa yametoka. Ulikuwa umesuguliwa ndani na nje mpaka unang'aa.

"Mama, mtungi umenyamaza!" Bwana Ghorofa alilalamika. "Nimetia mizizi mara mbili. Maji matupu! Tumbo linaniua!"

Shangazi aliuzunguka mtungi taratibu, akatikisa kichwa. Mpishi alitazama juu, akihesabu mawingu. Hapo Wakili akauona mchezo mzima: mpishi ameusugua kwa agizo la shangazi. Akaona na ufunguo wake. Akitoboa siri, shangazi ataumbuka, mpangaji atatoka, na shukrani ya Bwana Ghorofa itakuwa na dirisha linalotazama barabara.

"Mzee, umeingizwa mjini!" akapiga kelele. "Mtungi umeoshwa! Hauoshwi! Chachu iko kwenye kuta zake. Uupake machicha utapona, na machicha ni ya kutupa, haya hapa ndooni, chukua bure!"

Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, kila neno lilikuwa kweli.

Bwana Ghorofa alimtazama kuanzia utosini hadi unyayoni.

"Wewe uliyenipa kwikwi? Leo unataka ninywe uchafu? Tangu lini chombo cha kinywaji kikakaa bila kuoshwa?"

"Uchafu mtupu," akasema mpishi.

"Muulize shangazi!" Wakili karibu alie. "Shangazi, mwambie!"

Shangazi alivuta pumzi ndefu ya huzuni. "Msamehe, baba. Ndivyo alivyo tangu utotoni." Akaupapasa mtungi. "Huu umechoka. Utabaki kwangu, nikupe mwenzake. Ila mitungi yangu hii inataka jua, nalo jua liko chumba cha mbele. Mimi nihamie kile cha pembeni kilicho wazi, cha mbele kikae mitungi."

"Chukua," Bwana Ghorofa akasema akijishika tumbo. "Chukua vyote."

Hivyo Wakili akapata chumba cha mbele, juu, chenye dirisha linalotazama barabara. Mtu alihitajika wa kulala na mitungi na kuikoroga. Pale alipopanga kuweka kitanda ulikaa mtungi mkubwa kuliko yote, yeye akatandika mkeka mlangoni. Ufunguo shangazi aliufunga kwenye pindo la nguo yake, akasema atakuwa anamfungulia.