Mtamba Aliyenunuliwa kwa Matairi Vipara

Siku Hermani alipoliona rundo la matairi ya pikipiki nyuma ya gereji ya stendi ya Mbulu, yote yameisha na kuwa laini kama vichwa vya wazee wa kanisa, yeye peke yake katika mji mzima aliona ng'ombe. Wengine waliona takataka. Fundi wa gereji aliona kitu cha kuwashia moto. Hermani alivua kofia, akayatazama kwa heshima ambayo watu wengine huitunza kwa ajili ya madhabahu.

"Unataka nini wewe?" fundi akauliza.

"Kukusaidia. Uchafu huu utakuletea mbu."

"Mbu? Mbulu hii, kwa baridi hii?"

"Mbu wa baridi ndio wabaya zaidi, kaka. Hawalii."

Fundi akafikiri, akaogopa, akamsaidia kuyapakia kwenye mkokoteni.

Ilikuwa miaka ile Manyara bado ni mkoa mchanga, watu wengine wakiendelea kuandika Arusha kwenye bahasha kwa mazoea tu, na pikipiki za Kichina zilikuwa zimeingia hadi kwenye vitongoji ambavyo gari lilikuwa halijawahi kufika. Kila aliyekuwa na pikipiki aliuliza swali moja: tairi gani ni rahisi na linadumu? Katekista aliuliza. Muuza mitumba aliuliza. Bwana mifugo aliuliza akiwa amekaa chini kando ya njia, pancha ya tatu wiki hiyo. Tairi la bei kubwa lilidumu, lakini lilimaliza mfuko. La bei ndogo lilikuachia mfuko wako salama, ukausukume porini pamoja na pikipiki.

Hermani alikuwa na jibu. Jibu lake lilihitaji kisu, jiko la mkaa na kopo la kiwi ya viatu. Alikipasha moto kisu mpaka kikawa chekundu, akachonga upya kwenye kipara kashata, yaani yale mabonge ya mpira yanayoing'ata barabara. Kisha akalipiga tairi kiwi mpaka likang'aa kama kiatu cha mkaguzi wa shule. Mwisho akalibandikia lebo aliyoikata kwenye katoni la Kichina, ambalo kwa yeyote anayejua kusoma lugha ile lilisema kwamba ndani mna chupa ya chai.

Msomaji asimhukumu haraka. Hermani hakuwa mwizi. Mwizi huchukua usiku na kukimbia. Hermani alichukua mchana na kuagana vizuri. Tena safari hii alikuwa na sababu nzito, na sababu hiyo iliitwa Marieta.

Marieta alikuwa binti wa Mzee Akonaay wa Endagikot, na ndiye mtu pekee aliyewahi kumsikiliza Hermani mpaka mwisho, kisha akacheka mahali ambapo Hermani hakukusudia. Kuanzia hapo kijana hakulala vizuri. Lakini mzee alikuwa amesema neno lake: kabla ya mvua za kwanza alitaka kuona mtamba mmoja wa mahari uani kwake, ng'ombe jike ambaye hajazaa, anapumua, mwenye miguu minne. Vinginevyo angewasikiliza wazee waliotumwa kumposa Marieta na mwenye duka la pembejeo wa Dongobesh.

"Usiniletee maneno," Marieta alimwambia kwenye uzio. "Unayo mengi na ni matamu. Lakini baba hawezi kuyafunga kamba."

Mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya. Basi Hermani akafunga matairi yake kwenye pikipiki ya kuazima, akashuka bondeni, Yaeda Chini.

Alichagua Yaeda Chini kwa hesabu ya kitapeli: wana pikipiki, wana miiba, wana ng'ombe, na wako mbali na mjini. Kitu kimoja tu hakukijua. Hermani alizaliwa Mbulu lakini alilelewa stendi ya Babati na shangazi yake muuza chapati. Ng'ombe aliwajua vizuri, ila aliwajua kwa kilo. Kwake yeye, ng'ombe aliye katika zizi la mtu ni wa mtu huyo, kama chapati iliyo kwenye sahani yako.

Boma alilolifikia lilikuwa la Mzee Gidahosh, mtu mrefu, mwembamba, mwenye fimbo na pikipiki iliyochoka. Alikuwa ameiinamia, akilitazama tairi la mbele kama mtu anayemtazama jamaa mgonjwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa chanjo?"

"Hapana mzee. Mimi ni wa matairi."

"Kaa."

Hermani hakukaa. Mtu wa matairi huuza akiwa amesimama. "Mzee, watu wananunua tairi kwa macho. Makosa! Tairi unanunua kwa kucha. Bonyeza hapa. Likiwa laini sana, linashika njia lakini linaisha mapema. Likiwa gumu sana, linadumu, lakini kwenye tope litakuchezesha ngoma. Kwa safari za kila siku unataka la katikati. Sasa tazama kashata. Za mistari ni za lami, na lami huku kwetu tutaisikia redioni tu. Wewe unataka mabonge, yaachane, yateme tope na kokoto. Halafu upepo, mzee wangu! Mtu ananunua tairi zuri, anatembea na upepo nusu, likichanika anamlaumu Mchina."

Hatari ya maneno hayo ni kwamba yote yalikuwa kweli. Uongo ulikuwa kwenye matairi tu.

Gidahosh alilishika moja, akalipima kwa mkono, akalinusa.

"Linanuka viatu."

"Hiyo ndiyo harufu ya kiwandani, mzee. Lisiponuka hivyo, ujue limekaa sana dukani."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Unataka nini kwa haya yote?"

Hermani alikuwa amepanga kuanza na mbuzi, apande taratibu, alie kidogo, ataje mama mgonjwa, kisha afike kwenye mtamba jua likielekea kuzama. "Tuseme mbuzi, mzee, halafu tuongee..."

"Mbuzi wana kazi," Gidahosh akamkatiza. "Chukua mtamba."

Mtu mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Mnunuzi anapopandisha bei mwenyewe, muuzaji anapaswa kutafuta mlango. Lakini mapenzi humfanya hata tapeli awaamini watu. Hermani alimwona mtamba akitolewa zizini, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso na sikio la kushoto lenye mikato miwili, mawazoni akamwona na Marieta nyuma yake, akasahau shule yote ya stendi ya Babati.

"Unampeleka wapi?" mzee akauliza, kana kwamba anaulizia hali ya hewa.

Hermani hakuwahi kumwambia mteja anakokwenda. Ilikuwa kanuni. "Singida, mzee. Kuna mnada."

"Singida," Gidahosh akarudia, na uso wake ukalainika. "Singida ni mbali. Vizuri sana. Mpeleke leo hii. Usipitie juu huko Endagikot, kuna... kuna kupe wengi."

"Asante kwa kunionya, mzee."

Wakaagana kwa furaha kubwa, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Hermani aliiacha ile pikipiki ya kuazima kule bondeni, aifuate baadaye, akampandisha mtamba mlimani kwa miguu, akalala njiani kwa mtu, na asubuhi akaingia Endagikot akipiga mluzi. Mzee Akonaay alikuwa uani amevaa koti la safari. Aliona kamba, akaona kilicho mwisho wa kamba, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, marahaba! Kumbe u mtu! Mama Marieta, njoo uone! Marieta, lete kigoda!"

Mama Marieta, ambaye jina lake ni Restituta, akatoka na unga mikononi. Marieta akatoka na kigoda, akamtazama mtamba, kisha Hermani, na macho yake yakasema jambo ambalo kijana alilisubiri miezi mingi.

"Umemnunua wapi?" mzee akauliza.

Hapo ukweli ungetosha. Lakini Hermani aliona nafasi ya kupendeza zaidi, na nafasi kama hiyo hakuwahi kuiacha ipite. "Sikumnunua, baba. Nimemlea mwenyewe. Tangu ndama. Nilimnywesha maziwa kwa chupa."

"Kwa chupa!" Mzee akamzunguka mtamba, akampapasa mgongo, akafika kichwani, akashika sikio la kushoto. Tabasamu likanywea kama tairi lililokanyaga msumari. Akapapasa mkato wa kwanza. Akapapasa wa pili.

"Mama Marieta," akasema kwa sauti ndogo, "leta ile ngozi ninayolalia."

Inafaa kueleza, kwa kuwa Hermani naye alikuwa haelewi. Watu wa juu, malisho yakipungua, huwapeleka ng'ombe wao kwa marafiki wa bondeni. Rafiki huwatunza na kunywa maziwa yao. Ng'ombe na ndama wote hubaki wa mwenyewe, na alama ya mwenyewe hukatwa sikioni. Ng'ombe akifa, mtunzaji hurudisha ngozi, iwe ushahidi. Urafiki mzima umesimama juu ya ngozi hiyo.

Ngozi ikaletwa. Ilikuwa nyeusi.

"Mwaka jana," Mzee Akonaay akasema, "rafiki yangu Gidahosh alinitumia ngozi hii. Kisha akaja akaapa mbele ya wazee kwamba mtamba wangu mwekundu amekufa kwa ndigana. Nikauliza, mbona ngozi ni nyeusi? Akasema ugonjwa ulimbadilisha. Nikauliza, sikio liko wapi? Akasema fisi amekula." Akamtazama ng'ombe, ambaye alikuwa anatafuna upindo wa koti lake. "Marehemu ndiye huyu hapa. Basi mimi ninalalia ngozi ya nani?"

Hermani alipiga hesabu haraka. Kama alimlea mtamba mwenyewe tangu ndama, basi yeye ndiye aliyemwiba. Kama alimpata kwa Gidahosh, ingebidi aeleze kwa nini, na hayo ndiyo maelezo aliyokuwa ameyaepuka maisha yake yote.

Kabla hajachagua, pikipiki ikasikika njiani, ikija kwa mwendo wa bata. Alikuwa Mzee Gidahosh, amekuja kumchukua rafiki yake kwenda bondeni kuhesabu mifugo, kama walivyokubaliana tangu mwezi uliopita. Tairi la mbele lilikuwa limepasuka mlimani. Alikuwa ameling'oa tyubu na kulishindilia nyasi ili afike, na sasa nyasi zilichomoza kwenye kila mchongo, zikimfanya aonekane amepanda kichaka.

Akamwona Hermani. "Tapeli wa matairi!" akapiga kelele.

Kisha akamwona mtamba. Akashuka kwenye pikipiki taratibu sana, kama mtu anayejaribu kutoonekana.

"Wewe si ulisema Singida?" akamnong'oneza Hermani.

"Na wewe si ulisema kupe?"

"Gidahosh," Mzee Akonaay akasema, "mtamba wangu amefufuka. Umekuja kwenye ibada?"

Ndipo kelele zikaanza. Akonaay alidai ng'ombe wake. Gidahosh alidai matairi halisi. Hermani alidai kwamba yeye ni mhanga kuliko wote, akataja mama mgonjwa, kwa mazoea. Majirani wawili wakasimama kwenye uzio. Mtamba akamaliza upindo wa koti.

"Ngoja," akasema Marieta.

Hakupaza sauti, lakini wote wakamgeukia.

"Baba, ngozi uliipokea?"

"Niliipokea."

"Ukasema nini?"

"Nikasema asante. Hata debe la mahindi nikampelekea, nikampa na pole."

"Basi kwako amekufa. Aliyepokea ngozi na kutoa pole hana ng'ombe tena, hayo ni maneno yako mwenyewe ulipokuwa unaamua kesi ya jirani." Akageuka. "Mzee Gidahosh, shikamoo. Uliapa mbele ya wazee kwamba amekufa. Ukisema leo ni wako, unasema uliapa uongo. Ni wako?"

Gidahosh akachomoa unyasi mmoja kwenye tairi lake. "Si wangu," akasema.

"Hermani. Ulimnunua kwa kitu gani?"

"Kwa matairi," Hermani akasema, na akajua anakopelekwa, na hakuweza kuzuia.

"Matairi gani?"

Wote wakakitazama kile kichaka.

"Kwa... nyasi," akasema.

"Basi hukununua. Ng'ombe huyu hana mwenyewe. Ila ameingia uani hapa kwa jina langu, nami nimempokea." Akaichukua kamba kutoka mkononi mwa Hermani, na mkono wa Hermani ukaiachia wenyewe. Katika maisha yake yote ya utapeli hakuwahi kuona kazi safi namna ile, haina hata lebo.

"Na mimi?" akauliza kwa unyonge.

"Wewe leta mwingine. Mnunue kwa kitu kinachoonekana, na usimlete na hadithi yoyote. Nitasubiri mpaka mavuno. Wa Dongobesh mwambieni asisumbue wazee wake."

Hermani alitaka kusema jambo tamu. Kwa mara ya kwanza hakulipata. Aliitikia kwa kichwa, akiwa amepoteza kila kitu alichokuja nacho, na bado moyo wake ukiruka kama pikipiki mpya. Mama Marieta alikuwa amejificha uso kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Lakini Mzee Akonaay alikuwa amevimba. "Marieta! Umewanyang'anya wazee wawili na mgeni, asubuhi moja, mbele ya majirani! Piga magoti uombe msamaha!"

"Magoti nitapiga, baba. Wewe ni mzazi."

Akapiga magoti kwa adabu zote, kichwa amekiinamisha, kamba ameishika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya, omba."

"Siombi."