Mstari Uliokatwa Kichwani Pangu

Leo nimejiaibisha mbele ya mtaa wetu mzima wa Ngezi. (Nimenyolewa kwa ajili ya msiba, hata kofia ya kujifichia sina.)

Asubuhi Chama kilituita uwanjani kuchagua chef, mkuu wa mtaa. Kila mkandida anasimama, watu wake wanapanga mstari nyuma yake. Chef wa zamani anataka kubaki. Huyo, kila Jumamosi ya salongo, kazi ya lazima ya umma, badala ya kututuma barabarani anatulimisha muhogo wake. Mke wangu alianguka katika shamba lile mwezi uliopita. Hakuinuka tena.

Wa kumpinga tulikuwa wawili: Kasereka, fundi wa baiskeli, na mimi. Mimi watu waliniandikisha matangani, kwa huruma tu. Nilijua tukigawana watu, chef atapita. Nikakusudia kujitoa. Lakini kwetu mfiwa hasemi mbele ya watu mpaka matanga yaondolewe. Nikawaza: miguu itasema! Nikaenda kimya, nikasimama mwisho wa mstari wa Kasereka.

Maskini mimi! Watu wangu waliponiona nimesimama, wakajipanga nyuma yangu. Mstari ukafika mpaka kwenye bomba la maji. Nilikaribia kutabasamu, mara ya kwanza tangu msiba.

Katibu wa Chama akaja na daftari, akihesabu. Alipofika kwangu akasimama.

"Weye si uko mukandida?"

Nikainamisha kichwa.

"Watu wanahesabiwa nyuma ya mukandida wao. Basi mustari unakatika hapa!" Akanigusa utosini kwa kalamu.

Kasereka akapaza sauti kule mbele: "Ndugu yangu, sema unajitoa! Neno moja tu!"

Nikamtazama mama mkwe wangu, aliyesimama pembeni ya uwanja. Nikafunga mdomo. (Si desturi peke yake. Niliogopa nikiufungua kitatoka kilio.)

"Hajajitoa," katibu akasema, akaandika.

Kasereka, arobaini. Mimi, thelathini na wawili. Chef, hamsini na mmoja.

Chef akaja kunishika mkono. "Pole sana na musiba, citoyen. Kesho ni salongo. Usisahau jembe."

Njiani mama mkwe akaniambia polepole, "Mukwe, ungesema tu. Mutoto wangu angekusamehe. Mimi pia."

Kesho nitalima pale pale alipoanguka.

Matanga yataondolewa Jumapili. Nitasimama mbele ya wote, niseme kwa sauti: "Ninajitoa." Tafadhali, siku hiyo asicheke mtu.