Sarafu ya Nne

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baba mkwe anakuja Jumamosi! Tangu nimwoe Marcella, Mzee Ogoti hajawahi kunihesabu kama mtu. Kila akija anauliza kama nimemaliza kujenga ua. (Bado.) Kama nimemaliza kozi ya udereva. (Bado!) Safari hii atakuta kitu kimekamilika. Ile ziara ya kitalii ya historia ya chai hapa kwetu ina vituo vinne, na kila kituo mgeni anapewa sarafu ya shaba ya ukumbusho. Ninazo tatu: ya nyumba ya mlowezi, ya kiwanda cha kwanza na ya kanisa la mawe. Fundi amenichongea ubao wenye mashimo manne. Jirani yangu Phelix, yule wa stoo, anazo zote, na jana amezivaa shingoni kanisani. Kanisani!

Jumanne, 5 Agosti

Kituo cha nne ni shamba la makumbusho. Hupewi sarafu mpaka uchume kilo tano za majani chai, kama vibarua wa zamani. Nikacheka. Mimi ni karani wa mizani, kazi yangu kupima majani ya wachumaji! Nimechuma asubuhi nzima. Kilo moja na nusu. Mgongo umekataa, halafu mvua ya mchana ikanifukuza. Marcella amenisugua dawa huku akicheka.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwomba Phelix aniazime sarafu yake ya nne siku moja tu. Amekubali, mradi nisimame kanisani niseme yeye ni mwanamume kunishinda. Bora nife.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimerudi na akili. Ndani ya kikapu, chini kabisa, mawe mawili. Juu, majani niliyoyalowesha mtoni. Hila hizi nazijua, kila siku nafukuza watu kwa sababu yazo. Kilo sita! Nikanyoosha mkono. Chepchirchir, dada anayeongoza wageni, akasema pole, lazima kwanza amwage kikapu kwenye gunia, kama walivyofanya makarani. Mimi mwenyewe humwagisha watu kila asubuhi! Nilisahauje? Jiwe limemwangukia kidole cha mguu. Watalii wamepiga picha. Nimepigwa marufuku mwaka mzima. Roho mbaya tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mzee amefika. Kwenye shimo la nne niliweka kizibo cha soda nilichokigonga kikawa bapa, nikakipaka rangi ya shaba. Kilipendeza, kusema kweli. Mzee akavaa miwani. Akakikwangua kwa ukucha. Akauliza kama siku hizi shamba la makumbusho linauza soda ya machungwa. Marcella akakimbilia jikoni, nikamsikia akicheka. Kisha Mzee akasema polepole kwamba sarafu hazimhusu, alitaka tu kuniona siku moja nikifika mwisho wa jambo. Hapo niliumia.

Jumapili, 10 Agosti

Nimewaza sana maneno ya Mzee. Amesema kweli. Kosa nimeliona: mashimo manne ni machache kwa mtu wa kiwango changu, ndiyo maana sikutia bidii. Huko upande wa ziwani nasikia wameanza ziara ya sarafu kumi na mbili. Kumi na mbili! Huu ubao mdogo nimempa Marcella awe anawekea sufuria. Mzee anarudi Desemba, na fundi nimeshamwambia aanze ule mkubwa.