Malalamiko Kuhusu Mabawa ya Kuku Wangu Kumi na Wawili

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

YAH: SOMO LA NDEGE LINALOFUNDISHWA DARASA LA NNE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na dirisha la ofisi yako limefungwa, maana siwezi tena kusema kuku wangu watatua wapi.

Mimi ni fundi cherehani, baba wa binti anayesoma darasa la nne shuleni kwako. Nyuma ya kibanda changu nafuga kuku kumi na wawili. Kila baada ya miezi michache huwa nawapunguza manyoya ya bawa moja kwa mkasi wa kazi, ili kuku akijaribu kuruka ukuta apinde upande na kurudi chini kwa heshima. Hawaumii. Marehemu baba yangu alifanya hivyo hivyo, na hakuna kuku aliyewahi kulalamika. Sasa mwalimu wako wa sayansi amewaambia watoto kwamba kila kiungo cha ndege kina kazi ya kumwezesha kuishi. Binti yangu alirudi nyumbani akanitazama kama amenikuta naiba. Matokeo yake ni haya:

1. Mikasi yangu yote mitatu ilifichwa. Suruali ya mteja niliikata kwa kisu cha jikoni, na mguu mmoja ukawa kaptula. Ilibidi nimwahidi binti yangu, mbele ya mama yake, kwamba sitagusa bawa la kuku yeyote, ndipo nikarudishiwa mkasi mmoja.

2. Kuku wameligundua paa. Jirani yetu ni nesi wa zamu ya usiku, analala mchana, na kuku wanatembea juu ya bati lake kama wakaguzi wa majengo. Wiki iliyopita alikuta yai ndani ya kofia yake ya kazi. Alinirudishia kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

3. Watoto walipewa kazi ya kuchora ndege na kueleza jinsi umbo lake linavyomsaidia kupata chakula. Binti yangu alimchora bata, akaona ukurasa una nafasi, akamchora na mjomba wake. Aliandika kwamba mjomba hana mdomo mrefu, ila ana miguu inayomfikisha kwetu kila chakula kinapoiva. Mwalimu akaweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Shemeji yangu aliliona daftari, hajatia mguu kwetu tangu Jumapili, na mke wangu sasa anaongea nami kupitia mtoto.

4. Hili ndilo linaloniuma. Tukiwa mezani, binti yangu alinieleza kwamba mimi nina mgongo wa kuinamia cherehani na vidole vya kushika sindano. Kisha akauliza kama ningekubali kukatwa vidole kwa sababu kelele za cherehani zinamkera jirani. Nilikosa jibu. Baba akikosa jibu mbele ya mtoto wa miaka kumi, nani atamsikiliza tena nyumbani humo?

Kwa hiyo naomba ndege waondolewe kwenye masomo. Ikishindikana, wafundishwe bila mabawa. Na hilo likishindikana, mwalimu ahamishiwe kwenye somo la mawe: mawe hayaruki, hayana mjomba, na ukiyakata hakuna anayekununia. La sivyo nitawaandikisha kuku wangu wote darasa la nne, kwa kuwa ninyi ndio mliowatia akili.

Nisalimie walimu wote, mlinzi wa getini na mpishi. Mwalimu wa sayansi naye msalimie, ila kwa kiasi.

Mzazi wako mtiifu, kwa leo,
Fundi

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha mwewe aliposhuka uani. Kuku kumi na mmoja waliruka hadi kwenye bati la nesi, wazima wote. Wa kumi na mbili alijaribu, akaenda upande, akaanguka, na mwewe akamnyakua. Huyo nilimkata bawa juzi kwa siri, baada ya kuahidi. Binti yangu alikuwa akimlisha mkononi. Tafadhali futa yote niliyoyaandika hapo juu. Watoto wanatoka saa nane. Naomba mwalimu wa sayansi aje na binti yangu hadi nyumbani. Sijui nitaanzia wapi kumwambia.