Saladi ya Kufikia Jumapili

Jumatatu, 6 Oktoba
Mke wangu amepiga simu kutoka wodini. Wanamruhusu Jumapili. Wiki tatu tangu upasuaji hajatamani chakula chochote. Leo anatamani saladi yake, ile aliyoipanda kwenye ndoo za barazani kabla hajaugua. Ameniambia niitunze. Nimeivuna yote papo hapo, konokono wasinitangulie. Beseni zima la kijani.

Shemeji, mdogo wake, anayekaa nasi tangu dada yake alazwe, ameuliza kwa nini sikuiacha kwenye udongo hadi Jumapili. Maswali mengine huulizwa kwa nia mbaya tu.

Jumanne, 7 Oktoba
Shemeji ana nadharia. Toa majani mabovu, osha, kausha kabisa, viringisha kwenye kitambaa kikavu, weka kwenye bakuli lenye mfuniko, kisha friji, rafu ya chini. Nikamwambia mboga ni kiumbe cha maji, kukikausha ni ukatili, na kwamba nimesoma vitabu vingi kuliko yeye. Akasema sawa shemeji, ila kitabu hakiliwi kwa limau. Nimempa fungu dogo acheze nalo. Ukarimu wa mshindi.

Mimi najifunza kwa watu wa kazi. Muuza mboga wa kona hunyunyizia mboga zake maji kutwa nzima, na zinang'aa. Nimeanza. Kila saa.

Jumatano, 8 Oktoba
Zinang'aa.

Hospitalini nilimwambia mke wangu saladi iko salama. Akafumba macho, akasema anaisikia ikivunjika menoni. Amekonda hadi pete imehamia kidole gumba. Nilirudi nyumbani mbio, nikanyunyizia mara mbili.

Alhamisi, 9 Oktoba
Utelezi. Harufu ya bwawa.

Nilikwenda kumkabili muuza mboga. Alicheka hadi akashika meza. Akaniambia, baba, mimi nanyunyizia ili ununue leo. Ya kesho ni shida yako. Uchumi wa dunia nzima kwa sentensi moja. Nitawaandikia wahariri wa magazeti.

Masalia nimeyafunga kwenye mfuko wa plastiki, mafundo mawili, nikayabana kwenye ukuta wa nyuma wa friji, penye barafu. Baridi zaidi, uhai zaidi. Mantiki isiyokatalika.

Ijumaa, 10 Oktoba
Imekatalika. Majani yaliganda kama vioo, kisha yakayeyuka yakawa uji mweusi.

Shemeji alichungulia begani kwangu. Nilisubiri anichome, majibu nilikuwa nayo matatu, yote makali. Akachukua kitambaa, akapangusa friji. Kisha akasema polepole kwamba sijala vizuri tangu dada yake alazwe. Nikamjibu kwamba nakula kama kawaida. Sauti ikanisaliti katikati ya sentensi. Nikasingizia vumbi. Ndani ya friji.

Jumapili, 12 Oktoba
Amefika. Ngazi kumi na mbili, tukapumzika mara nne.

Shemeji akafunua bakuli lake. Majani makavu, mabichi, magumu kama yamechumwa asubuhi. Limau, chumvi, basi. Mke wangu akala jani moja. Akala la pili. Nilikuwa nikihesabu kama mwendawazimu. Lilipofika la tisa nikainuka kwenda kutafuta chumvi, iliyokuwa mbele yangu.

Akaniita, akauliza nani aliitunza vizuri hivi. Nilifungua mdomo nimtaje shemeji, naapa nilifungua. Shemeji akaniwahi. Akasema, mumeo, dada, hajatulia tangu Jumatatu. Mke wangu akanitazama mimi, akamtazama mdogo wake, akatazama mikono yangu. Hajaishi nami miaka ishirini na sita bure. Akacheka, akashika ubavu wenye mshono, akanilisha jani la mwisho kwa mkono wake.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimetafakari kwa haki. Ni wazi fungu la shemeji liliokolewa na unyevu wa mafungu yangu. Yalikaa friji moja.

Mke wangu ameamka na hamu mpya. Ijumaa anataka giligilani. Nimenunua mafungu manane leo hii, yasije yakaisha sokoni, na sasa yanaelea kwenye beseni. Shemeji amelisimamia beseni, mikono kiunoni, anaomba apewe fungu moja tu. Nimemkatalia. Safari hii sigawani sifa na mtu.