Jinsi Kanda ya Marehemu Mbuthia Ilivyookolewa Uthiru

Sogeeni karibu, enyi mliowahi kuazima filamu na mkazileta bila kuzirudisha mwanzo, mkae kimya, kwani nawasimulia habari za Mama Wahome, mjane wa Mbuthia, malkia wa kibanda cha video cha Uthiru, mlinzi wa kanda, mpangusa vumbi asiyeshindwa. Ambaye ni mimi mwenyewe, maana sijapata mwingine wa kunisifu.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na mbili, Jumapili ya fainali ya Kombe la Dunia. Nimetoka kanisani, kitambaa cha chama cha Akina Mama kichwani, nikatamani kutazama kanda moja tu, ile pekee yenye sauti ya marehemu akiimba besi kwenye kwaya. Nikafungua jalada. Ndani mlikuwa na karate.

Hapo malkia akakumbuka kosa lake. Kwani jana yake, nikipangusa majalada kwa bidii na majivuno, nilizirudisha kanda mbili hizo kila moja katika nyumba ya mwenzake, kisha nikampa Muasya jalada la karate bila kuchungulia. Na Muasya ni nani? Ni yule anayebandika selotepu kwenye kile kitundu cha kanda kinachozuia kurekodi, apate kurekodi mechi za mpira juu ya filamu za watu. Aliwahi kunirudishia harusi ya Kihindi: bibi harusi analia, mara goli.

Nikajifunga leso kiunoni, nikashuka mtaani kama jeshi. Mbuzi wakanipisha. Kuku mmoja alikataa, nikampisha mimi.

Sebule ya Muasya ilijaa wanaume. Naye alikuwa amechuchumaa mbele ya mashine, kidole juu ya kitufe chekundu cha kurekodi.

"Bwana asifiwe," nikatangaza mlangoni.

"Asifiwe, mathe. Karibu, mechi ndio inaanza. Lakini hii filamu yako ni mbovu. Tangu jana nangoja hao wazee wapigane, wanaimba tu."

"Ewe Muasya mwana wa Ndeti," nikanena, "hao hawatapigana hata ungoje mpaka parapanda ya mwisho. Yule mrefu wa nyuma ni mume wangu, na sauti yake haiko kwingine duniani. Ondoa kidole hicho, la sivyo..."

"La sivyo nini, mathe?"

Sikuwa nimefika hapo kwa mawazo. Nikang'oa plagi.

Chumba kizima kikalia kwa sauti moja, kwani runinga nayo ilikula stima kwenye waya huohuo, na refa ameshapuliza filimbi.

"Mama Wahome, utatuua," akasema mzee Kaindi, aliyekuja kutoka mtaa wa Woodley kwa ajili ya mechi hiyo tu. "Rudisha stima tuongee kama Wakristo."

"Kanda kwanza."

"Bila stima haitoki, mathe," akasema Muasya pole pole, kama anayefundisha chekechea.

Jambo ambalo malkia wa video angepaswa kulijua. Nikachomeka plagi, midomo ikiomba, mkono mmoja umemshika Muasya kama polisi. Mashine ikakoroma, ikafikiri, ikaitema kanda mikononi mwangu, ina joto kama mkate.

Wanaume wakapiga makofi. Nilishainamisha kichwa kuyapokea ndipo nikaona kwenye runinga kipa amedaka mpira.

Nyumbani nikafunga mlango, nikaitazama. Alikuwepo mzima, kinywa wazi, akiimba amechelewa nyuma ya wenzake wote kwa nusu pumzi, kama alivyoimba siku zote, na mwalimu wa kwaya akimkazia macho. Nikairudisha mwanzo, nikaitazama tena.

Basi na iandikwe katika kumbukumbu za wafalme wa Uthiru kwamba Jumapili hiyo vilitwaliwa vikombe viwili, kimoja huko ng'ambo, na kingine kikaletwa nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki.